Mavyaa Anataka Niumue Mkate wa Krismasi kwa Tembo la Mnazi

(Majina yamebadilishwa kwa ombi la aliyeandika.)

Kwako Mwalimu Gladys,

Shikamoo. Nakuandikia kukuomba msaada, na si kwa huzuni, ni kwa furaha iliyochanganyika na hofu, kwa hivyo niwie radhi nikienda mbio, maana tangu mwezi uliopita silali vizuri, na nikilala naota iliki.

Mimi ni Mkamba wa Machakos, nimeolewa na Gershom, kijana wa Kirabai, tunaishi Changamwe na mimi ni karani katika bohari moja upande wa uwanja wa ndege. Kwao mume wangu ni Mtopanga, na kila Krismasi ukoo mzima hukusanyika pale kwa mavyaa wangu, Mama Selpher, watu wanatoka Rabai, wanatoka Voi, wanatoka Malindi, wengine hawajaonana tangu mazishi ya mwisho, na kinachowaleta, haki ya Mungu Mwalimu, si pilau wala nyama, ni mkate wa sinia wa Mama. Wewe ni mtu wa pwani unaujua, ule wa mchele uliolowekwa ukasagwa na tui zito, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa kwenye sufuria pana iliyopakwa samli na kuokwa kwa makaa chini na makaa juu, lakini wa Mama si kama wa wengine, ndani una vitundu kama sega la asali, na una kauchachu fulani kadogo kanakokuja mwisho, ukishameza, kanakokufanya unyooshe mkono tena bila kujua. Mimi nilipouonja mara ya kwanza nilikuwa biarusi mpya na niliomba kipande cha pili mbele ya wakwe zangu wote bila haya, na wifi yangu Ruth hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Sasa mwaka huu Mama bega limemshika, hawezi kuinua kile kifuniko cha bati chenye makaa, na tulipokaa sebuleni kwake kupanga sikukuu kila mtu alijua atamtaja Ruth, maana ndiye binti yake wa pekee, nami nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nikifikiria mambo yangu, mara nikamsikia Mama anasema, "Mwaka huu mkate ataoka Mwikali."

"Mwikali yupi?" Ruth akauliza.

"Kwani hapa tuna wangapi?"

"Mama, huyu wifi atatuokea muthokoi wa kwao Ukambani. Tutakuta maharagwe humo ndani."

"Maharagwe utayala," Mama akasema, "na utaosha sufuria."

Mwalimu, chai ilinimwagikia mapajani na sikuhisi moto. Miaka yote hii katika ile nyumba kazi yangu ilikuwa kukata vitunguu na kuosha sahani, nami sikulalamika, lakini mtu wa bara ukiolewa pwani unajua kwamba watu wanakupenda na bado wanakuhesabu mgeni, na kupewa mkate ule ni kama kuambiwa ingia ndani sasa, na nilifurahi mpaka nikaimba njia nzima kurudi Changamwe, Gershom akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Jumamosi iliyofuata nikaamua kujaribu, nikanunua unga wa mchele wa paketi, nikatia hamira vijiko viwili vilivyojaa ili uumuke upesi, na kweli uliumuka kama unafukuzwa, nikauoka, nikauona ni mzuri, tukaenda na Gershom nikampelekea Ruth kwa ujinga wangu nikidhani atanisifu. Akaubonyeza kwa kidole, kidole kikarudi juu.

"Wifi, huu ni mkate ama godoro? Hebu Gershom jilaze hapa tuone."

Mume wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nilicheka, kisha nikaingia bafuni nikalia kidogo, kisha nikatoka nikacheka tena, kwa sababu kweli lilikuwa godoro.

Habari zikamfikia Mama. Akaniita jikoni kwake, "Mwikali!", nikasema "Abee Mama," akasema, "Njoo, na huo mlango ufunge." Nikafunga. Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema.

"Mwanangu, hamira ya dukani haitakufikisha. Mimi mkate wangu huumua kwa tembo."

"Tembo la mnazi, Mama?"

"Liko jingine?"

"Mama! Na Mchungaji je?"

"Mchungaji ameota meno kwa mkate huo."

"Basi miaka yote tumekuwa tukila pombe."

"Pombe hunywewa. Hii ni hamira. Mama yangu hakumwambia mtu, mimi sikumwambia mtu ila wewe, na wewe usimwambie mtu."

Mchungaji anayesemwa hapo ni shemeji yangu Matthew, kifungua mimba wa Mama, na ndiye anayetuongoza kanisani, na katika mahubiri yake hakuna kitu anachokichapa kama mnazi, mwezi uliopita tu alisema nyumba inayoingiza tembo imejifungulia mlango wa shari, sote tukasema amina, na Mama Selpher aliyekaa mbele yangu akasema amina kubwa kuliko ya mtu yeyote, na Mchungaji huyo huyo ndiye atakayeubariki huo mkate na kula kipande cha kwanza. Na mimi mwenyewe niko katika kikundi cha akina mama kanisani, tuliahidi mbele ya watu kwamba kileo hakitaingia majikoni mwetu. Shemeji ana sababu ya kukemea, kwa maana mdogo wao wa mwisho, Tinga, mnazi ulimtoa kazini, alikuwa utingo wa malori hapa hapa Changamwe, akawa analala mangweni, huko huko tembo linakouzwa, mpaka Mama akawa anamtafuta kwa tochi, lakini Mungu ni mwema, tangu Pasaka ameacha kabisa, ameanza kazi kwa fundi wa magurudumu, amenenepa, anacheka, na tulitoa shukrani kanisa zima.

Basi ndiyo hali yangu. Nikiumua kwa tembo na kunyamaza nitakuwa nimemlisha Mchungaji kitu anachokilaani, na nitakuwa nimevunja ahadi yangu, tena kwa furaha. Nikiumua kwa hamira nitaleta godoro mbele ya ukoo mzima na Ruth atapata la kusema mpaka wajukuu wazeeke. Nikisema ukweli nitamwaibisha Mama aliyeniamini. Na siku zinakwisha, nazi nimeshaagiza, mchele nimeshanunua, na hata la tembo limeshapangwa, Mama alisema nimtume Tinga kwa sababu tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kulileta na anawajua wagema wazuri wote, nikienda mimi mgeni nitauziwa lililotiwa maji, nami nimeshamwambia Tinga, alinyamaza kidogo, akauliza, "Mangwe ya nani?", nikamwambia yoyote, mradi liwe zuri, akasema sawa shemeji, kwa hivyo upande huo hauna shida.

Niambie Mwalimu, nifanye nini na Mchungaji? Nina hamu ya kuoka mkate huu kuliko kitu chochote nilichowahi kupika maishani mwangu. Jina langu tafadhali libadilishe, Ruth husoma ukurasa wako kabla hajasoma wa matangazo ya vifo.

Wako,
Mwikali, Changamwe


MWALIMU GLADYS ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera. Nasema hongera kwanza kwa sababu umeandika kama mtu aliyeshitakiwa, na mimi naona mtu aliyepewa zawadi. Mwanamke aliyeoka mkate mmoja maisha yake yote ametazama jikoni kwake akakuita wewe. Furahi. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ila godoro nimeliacha kwa sababu sikuweza kulitoa, na wifi yako akilifikia atajua ni nani. Kwa hivyo una sababu nzuri ya kuzungumza na watu wako upesi kuliko ulivyopanga.

Nianze na jikoni, maana nilifundisha sayansi kimu miaka mingi na mkate ulioharibika siwezi kuupita hivi hivi. Bila shaka unajiuliza tembo lina nini ambacho hamira haina. Halina kitu cha ajabu. Maji matamu ya mnazi yakishagemwa huingiwa na viumbe vidogo sana vya chachu, ambavyo viko hewani na katika chombo cha mgema. Viumbe hivyo hula ile sukari, na vikishakula hutoa vitu viwili: hewa, na kileo kidogo. Hewa ndiyo inayouinua mkate na kuacha vile vitundu unavyovipenda. Hamira ya paketi ni viumbe vya ukoo huo huo, vimekaushwa tu, na kazi yake ni ile ile. Ndiyo kusema kwamba hata mkate wa hamira, wakati unaumuka, una kileo kidogo ndani yake, na moto ndio unaokifukuza. Hufukuza sehemu kubwa. Haufukuzi chote, nisikudanganye.

Basi kwa nini wa Mama ni sega la asali na wako ni godoro? Kwa sababu wewe ulikuwa na haraka. Tembo hufanya kazi polepole. Katika ule upole mchele unapata muda wa kuchachuka kidogo, na huko ndiko kunakotoka kale kauchachu ulikokasifu. Wewe ulitia hamira kama mtu anayezima moto, ukatumia unga wa paketi ambao ni mkavu na umeshakaa rafuni, kisha ukashangaa. Loweka mchele wenyewe usiku kucha, usage na tui mpaka ukiupitisha kati ya vidole usisikie chenga, tia hamira ile inayokaa kwenye ncha ya kijiko tu, funika kwa kitambaa na uuache mahali penye ubaridi ujiendee taratibu. Ukimimina, makaa ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi. Jirani zenu Waislamu pale Mtopanga huoka mkate huu huu kwa hamira kila Ramadhani, na sijasikia mtu akijilaza juu yake. Ladha haitakuwa ile ile ya Mama kabisa, lakini itakuwa jirani yake wa karibu. Kwa hivyo hofu yako ya kwamba bila tembo utaaibika, iondoe. Una njia mbili, zote zinapitika.

Sasa Mchungaji, ambaye ndiye uliyeniuliza. Mchungaji Matthew ni mtu mzima. Ana Biblia yake, ana dhamiri yake, na ana kinywa cha kusema nakula au sili. Akiambiwa mkate umeumuliwa kwa tembo ataamua mwenyewe, na uamuzi wowote atakaofanya hautamdhuru. Kitakachomdhuru ni kuja kugundua kwamba mke wa mdogo wake alimlisha kitu kwa kificho huku akimsikiliza akiombea meza. Na wewe pia uliahidi mbele ya akina mama wenzako. Ukiona ahadi yenu ilihusu kunywa na si kuumua mkate, waulize wenzako waziwazi. Usijitafsirie peke yako ukiwa umefunga mlango wa jikoni. Hilo la Mchungaji limekwisha, na unaona halikuchukua nafasi kubwa.

Limekwisha kwa sababu silo ninalotaka kukukemea.

Umeniandikia kurasa juu ya mchungaji asiyekuwa na tatizo lolote na mnazi. Kisha karibu na mwisho, kama mtu anayetaja ni nani ataleta viti, ukaniambia Tinga ndiye atakayekwenda mangweni, na ukamalizia kwamba upande huo hauna shida. Mwikali! Nilivua miwani hapo nikaiweka mezani.

Hebu kaa chini nikueleze, kwa sababu naona hukufanya kwa ubaya. Wewe si mnywaji na hujui tembo linavyonunuliwa. Halinunuliwi kama soda. Tembo la mgema mmoja si la mwenzake, la asubuhi si la jioni, na lililotiwa maji linafanana na lisilotiwa. Mnunuzi humiminiwa kidogo, akalionja, ndipo akasema nipe hili au liondoe. Mavyaa wako amemtuma Tinga kwa sababu anajua kuchagua. Sasa niambie, huyo mtu aliyeacha tangu Pasaka atachaguaje tembo zuri bila kulitia mdomoni? Nawe ukamwambia yoyote, mradi liwe zuri. Umemtuma akaonje, mwanangu, tena mangwe moja baada ya nyingine, Desemba, wakati marafiki zake wa zamani wamefunga kazi na wamekaa pale wanamsubiri mtu wa kumwita kwa jina.

Na yeye alikuambia. Alinyamaza. Kisha akakuuliza mangwe ya nani. Wewe ulidhani anauliza njia. Mtu aliyelala huko hahitaji kuelekezwa njia. Alikuwa anapima ni nani atakayemkuta, na kama ataweza. Halafu akasema sawa shemeji, kwa sababu katika nyumba hiyo amewahangaisha watu sana na sasa hawezi kukataa kazi ndogo anayotumwa na mama yake.

Simlaumu Mama Selpher kuwa hampendi mwanawe. Mama aliyemtafuta mtoto kwa tochi anampenda. Lakini katika jiko lake tembo halijawahi kuhesabiwa kuwa tembo. Likiingia pale ni hamira, naye amelitazama hivyo tangu kwa mama yake, mpaka haoni kwamba ile hamira inachotwa mahali pale pale mwanawe alipopotelea. Nyumba nyingi zina kitu cha namna hiyo, kimezoeleka hata hakionekani. Wewe uliyetoka nje ndiye uliyekuwa na macho ya kukiona, nawe ulikuwa umeyaelekeza yote kwa Mchungaji na kwa mdomo wa Ruth.

Basi ukishamaliza kusoma hapa, kunja gazeti umpigie Tinga simu. Usingoje jioni. Usimhubirie, usimwambie unamhurumia, wala usimtaje Mwalimu Gladys. Mwambie, "Shemeji, nilikosea kukutuma kule. Huendi. Nitatafuta njia nyingine." Akikuambia yeye haoni tabu, mjibu kwamba wewe ndiye uonaye tabu. Kisha muulize jambo la pili, ninyi wawili tu: mkate ukiumuliwa kwa tembo mwaka huu, yeye atauonaje? Umngoje ajibu, hata akichelewa. Amekula mkate ule tangu utoto, lakini hata alipotumwa tembo hakuambiwa ni la mkate, na wa mwaka huu ana haki ya kujua kilichomo. Wapo walioacha ambao mkate kama huo hauwatikisi. Wapo ambao ladha ile peke yake, au kule kujua tu, kunawarudisha nyuma. Mimi simjui Tinga, wewe humjui ndani yake, na Mchungaji pia hamjui. Anajijua mwenyewe.

Akisema aheri usitie, basi mwaka huu ni hamira, na hakuna kikao. Umwambie Mama kwamba umeamua hivyo wewe, kwa ahadi yako ya kanisani, na ni kweli. Jina la Tinga lisitajwe, asije akaonekana ndiye aliyewanyima watu mkate wao. Lawama ikija, ibebe. Mabega yako hayaumi.

Akisema yeye hana neno, na wenzako wa kikundi pia wakiona halivunji ahadi, tia tembo kwa moyo mweupe. Lakini utalifuata mwenyewe na Gershom, asubuhi mapema, kwa mgema mwenyewe shambani kwake na si mangweni, na utamwambia ni la mkate. Lililo jipya linanuka utamu na lina povu jepesi. Likikuchoma pua limeshapita wakati wake. Na ukiogopa kuuziwa maji, mchukue Mama Selpher akuonjee. Bega ndilo linalouma, ulimi ni mzima.

Kabla ya hapo utamwambia Mama kwamba ukitia tembo hutaficha. Hapa utahitaji ujasiri kuliko mahali pengine popote, kwa hivyo nikutenganishie mambo mawili uliyoyachanganya. Mikate aliyooka yeye miaka iliyopita ni siri yake. Kama anataka kuisema ataisema, kama anataka kwenda nayo kaburini ni haki yake, nawe uliahidi kunyamaza, basi nyamaza. Lakini mkate wa mwaka huu ni wako, umeoka wewe, na unaweza kusema kilichomo bila kutaja cha mtu mwingine. Sema kabla kisu hakijashikwa, kwa sauti ya kawaida: "Huu nimeuumua kwa tembo la mnazi. Asiyependa, kuna kaimati." Na kaimati ziwepo kweli. Watu wazima wa ukoo wataangaliana, naamini wengine wataanza kuhesabu miaka, na kama Mama ataangua kicheko au ataangalia dari, hilo ni lake.

Anaweza kununa utakapomwambia. Mwache anune, mpelekee chai. Anaweza kukuambia basi usioke, nitampa Ruth. Ikifika hapo, mwanangu, mpe Ruth mkate. Najua ninachokuambia. Najua uliimba njia nzima kurudi Changamwe. Lakini nafasi ndani ya nyumba ambayo utaikalia kwa kuwadanganya walio ndani haitakupa usingizi, na utaiota kuliko unavyoiota iliki. Sitegemei kwamba itafika huko. Kama Mama alitaka mtu wa kutunza siri tu, alikuwa na binti wa kumzaa. Alikutaka wewe kwa jambo jingine, na siku moja muulize ni lipi, bega likishapoa.

Na huyo Ruth usimwache nje. Mtu mwenye ulimi kama ule akikosa kazi ataifanya kazi ya kukuchungulia. Mkabidhi makaa ya juu. Mwambie huyawezi, na nina hakika huyawezi. Tinga naye mpe nazi za kukuna, nyingi, barazani kati ya watu, asiwe mtu wa kulindwa wala wa kutumwa mbali.

La mwisho ni la upishi, na nimeliona likiharibu vyakula vizuri kuliko hata moto mkali. Wapishi wapya, na hasa wake wa watu katika nyumba za wakwe, wakishaweka chakula mezani huanza kukiombea radhi. Mtanisamehe umeungua kidogo pembeni, mtanisamehe sukari, mtanisamehe si kama wa Mama. Watu wanaanza kuitafuta kasoro kwa sababu wameambiwa iko. Wewe usifanye hivyo. Ukishasema kilichomo ndani, usiongeze neno. Kata, gawa, halafu usirudi jikoni kusimama nyuma ya mlango kusikiliza. Vuta kiti, keti kati yao, ule.